Majani Hayatoki Shamba Hili

Kwa miaka minne nililipwa kufagia msitu.

Mama mkwe wangu alipoambiwa habari hiyo aliweka ufagio chini akanitazama. "Yaani mtu anatoka Kisumu mjini, anakuja mpaka huku, akulipe ufagie chini ya miti? Na uwanja wangu huu ninaoufagia tangu niolewe, mbona hakuna aliyewahi kunilipa?" Alicheka mpaka akaketi. Mimi pia nilicheka. Kazi nilikuwa nimeipata, na sikutaka kuitetea kabla sijaielewa.

Naishi Nyakach, upande wa juu, pale ardhi inapopanda kuelekea Sondu. Nilikuja hapa kwa ndoa. Kwetu ni Kano, bondeni, kwenye mpunga na mafuriko, ndiyo maana wananiita Nyar Kano, binti wa Kano. Mke huku huitwa kwa mahali alikotoka, hata akizeeka. Mume wangu ni fundi wa magari Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo shamba, kuku, watoto na mama yake vyote viko mikononi mwangu.

Msitu niliokuwa nikifagia ulikuwa wa kupandwa, mikaratusi mitupu, mistari imenyooka kama madawati ya darasa. Watafiti walikuwa wamepima vitalu kwa kamba na vigingi. Katika vitalu vya aina ya kwanza, kila jani, kila gome, kila kijiti kilichoanguka kilitakiwa kiondolewe, na kila Jumatatu tulipita na reki mpaka udongo ukabaki uchi. Aina ya pili haikuguswa. Aina ya tatu ilimwagiwa yote tuliyoyatoa kwenye ile ya kwanza. Kwenye karatasi zao vitalu vilikuwa na herufi na namba. Sisi vibarua tuliviita Maskini, Kawaida na Tajiri, na baada ya muda hata daktari aliyesimamia utafiti akaanza kuviita hivyo.

Daktari huyo hakuwa wa hospitali. Alikuwa daktari wa udongo, mama mfupi wa makamo aliyekuwa na maabara Kisumu na mabuti yaliyochakaa kuliko yangu. Wiki yangu ya kwanza nilimwuliza, "Tunatafuta nini hapa?"

"Tunataka kujua nani anakula huku chini," akasema, "na akinyimwa chakula anafanya nini."

Mwaka wa kwanza sikuona kitu. Miti ya Maskini ilikuwa mirefu sawa na mingine, nami nikajisemea kwamba wasomi wana njia nyingi za kumaliza pesa. Mwaka wa pili nikaanza kuona. Tulikuwa na bomba fupi la chuma la kuchukulia udongo. Kwenye Kawaida nililisukuma kwa mkono likaingia. Kwenye Maskini ilibidi nilipige nyundo. Mvua ikinyesha, Tajiri ilimeza maji kimya, lakini Maskini iliyatiririsha juu kama sakafu ya simenti. Nikainua udongo puani. Ule wa Kawaida ulinuka kama chungu cha maji kipya. Ule wa Maskini haukunuka chochote.

Siku moja daktari aliniomba nimsindikize mpaka Kisumu na sampuli, mwenzake alikuwa mgonjwa. Nilipakata sanduku la barafu magotini njia nzima. Kule maabara kulikuwa na rafu imejaa chupa zilizofungwa vifuniko, ndani ya kila moja kuna udongo kidogo na kikombe kidogo cha dawa ya maji.

"Humo ndani udongo unapumua," akaniambia. "Ile dawa inanasa pumzi yake. Baadaye tunapima, tunajua nani anapumua sana na nani kidogo."

"Udongo unapumua?"

"Si udongo. Vijidudu. Kwenye kijiko kimoja wamo wengi kuliko watu wote wa Kisumu. Bakteria, na kuvu, zile nyuzi nyeupe unazoziona chini ya majani. Jani lina naitrojeni, chakula cha mti, lakini imefungiwa humo. Mzizi hauna meno. Hawa ndio meno yake. Wanalitafuna jani, na wakifa wao wenyewe, mzizi unakunywa kilichobaki."

Nikamwuliza chupa za Maskini ni zipi. Akanionyesha, akafungua daftari akanisomea. Sikuelewa hesabu zake, lakini nilielewa alipoteremsha kidole mpaka chini kabisa ya safu. Pumzi ilikuwa ndogo kuliko zote, na naitrojeni ilikuwa imepungua nayo.

"Wamekufa?"

"Wengi. Kuvu ndio wameumia zaidi."

"Nani amewaua?"

Alifunga daftari. Hakutabasamu. "Sisi wawili. Mimi niliandika, wewe ukafagia."

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na si yeye niliyemkasirikia. Nilitazama kilima chetu nikaona kwamba kila shamba la miti lilikuwa Maskini. Majani huenda kuchomea matofali. Magome na vijiti huenda jikoni. Kinachosalia huwashwa moto, wanasema ni kusafisha. Kisha anakuja mtu na gari safi, anasimama kwenye mkutano wa hadhara anatuambia udongo wa Nyakach ni mbaya, utadhani ulizaliwa mbaya, na sisi tunapiga makofi. Mimi pia nilikuwa nimepiga makofi. Siku ile niliapa kwamba sitapiga tena.

Utafiti uliisha, kamba zikakunjwa, daktari akarudi kwenye chupa zake. Mwaka uliofuata mikaratusi ya baba mkwe ikafika kukatwa.

Marehemu mzee alikuwa ameacha shamba la miti kwa wanawe wawili, nusu kwa nusu, mpaka wao ni mstari wa mkonge. Nusu ya juu ni ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Nusu ya chini ni yetu. Waliuza pamoja kwa mnunuzi mmoja, na asubuhi moja likaja lori na wanaume sita, misumeno ya mashine, na nyapara mwenye kofia ya manjano.

Nyapara alikuwa na adabu. Alinisalimia vizuri, akanieleza: "Mama, sisi tunachukua kila kitu. Magogo ni ya kiwanda cha chai. Matawi na magome ni ya watu wa matofali. Majani tunachoma. Tunakuachia shamba safi kama sahani."

"Chukua magogo," nikasema. "Hayo mengine yabaki."

"Yabaki yafanye nini?"

"Yaoze."

Wale wanaume walicheka. Shemeji, aliyekuwa amesimama kwenye mkonge, hakucheka. Alikuja polepole, mikono nyuma. "Shemeji, haya ni mambo ya wenye miti. Ngoja mwenyewe aje."

"Mwenyewe yuko kwenye simu." Nikampigia mume wangu pale pale, mbele yao. Nyuma yake nilisikia nyundo inapiga bati.

"Unataka kuacha takataka shamba zima?" akauliza.

"Nataka."

"Kaka anasemaje?"

"Kaka yako ana upande wake."

Nyundo iliendelea. "Sawa. Lakini likiharibika, ni lako."

"Ni langu," nikasema, nikahakikisha shemeji amesikia.

Nilidhani imekwisha. Jioni nikakuta matawi ya upande wetu yamepakiwa juu ya lori pamoja na yale ya juu. Sikumwita mtu. Nilikunja leso kiunoni, nikapanda kwa gurudumu, nikaanza kuyatupa chini, moja moja.

"Mama, shuka!" nyapara akapiga kelele. "Utaumia!"

"Nitashuka yakishuka."

Walinitazama. Hakuna aliyethubutu kumvuta mke wa watu mguu mbele ya mama mkwe wake, maana mama alikuwa ametoka nyumbani kusikia kelele. Nilitupa mpaka nikafika kwenye magogo, mikono imechubuka, blauzi imepasuka begani. Nyapara alivua kofia, akajikuna, akawaambia watu wake, "Mwacheni na majani yake." Kesho yake walichuna magogo yetu pale pale yalipoanguka, magome yakabaki chini. Lori likaondoka.

Upande wa shemeji ulikuwa safi kweli, kama sahani. Upande wetu ulionekana kama nyumba iliyobomolewa na upepo. Matawi, majani yanayokauka, magome marefu kama ngozi za nyoka. Na njia ya kwenda kanisani inapita katikati.

Hapo ndipo nilipogombana na mtu niliyempenda. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa ufagio. Kabla jua halijatoka uwanja wake una mistari, na mgeni akija anajua ameingia kwa nani. Sasa kila Jumapili kina mama wenzake walipita wakatazama upande wetu, wakamtazama yeye, wakaguna, "Yawa!" Alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu nilirudi kutoka sokoni Pap Onditi nikamkuta katikati ya shamba amekusanya marundo manne, na mkononi ana kiberiti.

Huku kwetu mke hampandishii mama mkwe sauti. Niliweka kikapu chini.

"Mama, usiwashe."

"Watasema mwanangu ameoa mvivu."

"Waseme."

"Kwako wewe ni rahisi. Hawakujui. Mimi wananijua miaka hamsini." Macho yake yalikuwa na maji. "Nyar Kano, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nipige kama ni kunipiga, Mama, lakini usiwashe."

"Nikupige kwani wewe ni mtoto?"

"Basi nipe kiberiti."

Hakunipa. Alikitia kifuani, akaokota ufagio wake, akaenda zake. Nilitawanya yale marundo kwa mikono mpaka giza likaingia, nikilia, na sikuwa nikilia kwa majuto. Hakunisemesha mpaka Jumapili ya pili, na aliponisemesha ilikuwa kuniambia chumvi imekwisha.

Mvua ikaja, visiki vikachipua. Na hapa sitaficha kitu, maana waliokuwepo wanakumbuka. Upande wa shemeji, uliochomwa, machipukizi yalitoka kwa nguvu, kijani kizito, yamenenepa kama watoto wa sikukuu. Upande wangu yalitoka membamba, ya manjano, majani madogo. Mtu asiyejua angesema wangu ndio Maskini.

Shemeji alifurahi na hakujificha. Alileta wageni kutazama. "Huku ni mimi," alisema, akinyoosha mkono. "Kule ni sayansi." Mume wangu alikuja mwisho wa mwezi, akasimama kwenye mkonge, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia nyumbani bila neno. Neno ningelijibu. Kile kimya kilinishinda.

Nilimpigia daktari. Sikumsalimu hata vizuri.

"Ulinidanganya."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umeacha matawi na magome? Mengi?"

"Yote."

"Basi vijidudu wako hawajafa, wanakula. Na chakula ulichowapa ni kigumu, kama ugali bila mboga. Naitrojeni iliyomo ni kidogo, kwa hiyo wanaikopa kwenye udongo ili waweze kulitafuna gome, na mti unabaki na njaa kwa muda. Majivu ya shemeji yako nayo yametoa kila kitu mara moja. Yeye ni sikukuu. Wewe bado uko jikoni."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

"Wewe ni daktari, unasemaje hujui?"

"Udongo wako si udongo wangu. Ningekuambia namba ningekuwa nakudanganya kweli sasa."

Nilikata simu nikiwa na hasira. Lakini usiku ule na siku zilizofuata nilitafuna yale maneno. Ugali bila mboga. Nikasema, kama wanataka mboga nitawapa. Nikanunua mbegu za kunde sokoni, nikachomeka kati ya visiki, nikisogeza magome kwa kisu na kufukia. Kunde huvuta naitrojeni hewani na kuiweka mizizini, hilo hata shuleni tulifundishwa. Wapita njia walicheka upya: amelima kunde kwenye jaa! Niliwajibu wote salamu zao, nikaendelea.

Zile kunde ndizo zilizomrudisha mama. Alikuja asubuhi moja na sufuria, akachuma majani bila kuniuliza, akapika, akatuita. Tukala. Alipomaliza akasema, "Ni laini." Wiki iliyofuata nilimsikia akimwambia mwenzake wa kanisani kwamba wametengeneza shamba la kisasa, yeye na mke wa mwanawe. Sikumsahihisha. Lakini uwanja wake aliendelea kuufagia, na mimi sikuthubutu kumgusia uwanja.

Msimu wa pili mvua ilikuja ya hasira. Ilinyesha siku nyingi mfululizo, mto wa Sondu ukawa mwekundu. Upande wa shemeji haukuwa na kitu cha kuishika. Maji yalishuka na majivu, kisha na udongo wenyewe, yakachimba vijito vitatu katikati ya visiki, yakaja mpaka kwenye mkonge wetu. Hapo yakakutana na magome yangu yakapunguza mbio. Asubuhi nilikuta tope lake limelala kwenye matawi yangu kama mgeni aliyechoka.

Baada ya hapo mambo yaligeuka, polepole, hata sikujua siku gani. Machipukizi yake yalianza kupauka, majani ya chini yakidondoka. Yangu yaliacha kuwa ya manjano, kisha yakawa kijani, kisha yakawa kijani ambacho watu wanaopita kanisani walipunguza mwendo kukitazama. Niliinua gome moja nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa juu ya udongo mweusi, nikapiga magoti nikaunusa. Ulinuka. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha saa ile, kwa hiyo niliuonyesha uso wangu mwenyewe, nikaupaka.

Si kila kitu kilienda sawa. Mchwa walipenda yale matawi kama mimi, na kwenye kona ya chini waliingia kwenye visiki na kuua zaidi ya kumi. Pale nimepanda upya na bado haijashika. Shemeji alipenda sana kuwaonyesha watu kona hiyo.

Kisha akaja mwenyewe. Mchana, mbele ya nyumba yangu, akakataa kiti. Alisema anaomba majani, mikokoteni michache tu, akatandaze upande wake mvua isizidi kula. Alisema kwa heshima, na najua ilimgharimu.

Nilitaka kukubali. Ni kaka wa mume wangu, na damu si maji. Lakini nilijua hesabu ile kuliko mtu yeyote pale kilimani, nilikuwa nimeifanya kila Jumatatu kwa miaka minne: unatoa kwa mmoja unampa mwingine, na unapata Tajiri mmoja na Maskini mmoja.

"Shemeji, majani hayatoki shamba hili."

"Unaninyima takataka?"

"Mikono yangu nakupa. Mbegu za kunde nakupa, nitakuja kupanda na wewe. Na majani yako mwenyewe yakianguka, yaache. Lakini haya hayatoki."

Aligeuka akaondoka. Mpaka leo ananisalimia kupitia watoto. Mama alinilaumu, mume wangu alinilaumu, na kila mmoja nilimwambia vile vile: nisingeua udongo mmoja kumfurahisha mtu, nilishaua wa kutosha kwa mshahara. Lakini mbegu nilizoziacha mlangoni kwake asubuhi yake hazikurudishwa. Mwaka huu, nikipita njia ya juu, nimeona kwamba majani yaliyoanguka kwake hayajafagiwa.

Sasa machipukizi yangu ni miti. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi mwingine, kijana mwenye viatu vizuri, akapima shina kwa kamba akasema yuko tayari kukata wiki hiyo hiyo. Nikamwambia masharti: magogo tu, yachunwe hapa, hakuna moto. Akasema kwamba tanuru mpya za siku hizi zinakula hata vijiti na visiki, na bila hivyo biashara haimlipi. Akatazama huku na huku, akauliza kwa upole kama mzee wa nyumba yupo.

"Unayeongea naye ndiye," nikasema.

Alipanda gari lake akaondoka. Mume wangu alisikitika sana kwenye simu, maana tulikuwa na mipango ya kuezeka nyumba. Mimi pia paa linanivujia, sufuria ziko chini chumba kizima. Lakini miti imesimama, majani yanaanguka yanapoanguka, na mnunuzi anayetaka magogo peke yake anajua njia ya kufika kwetu.